Masizi ya Saa Zako

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Wali wa jana upashe moto kabla watoto hawajarudi. Madirisha yaache wazi, nyumba nzima inanuka mbao zilizoungua kwa sababu ya hizo saa za ukutani unazotengeneza.

Sasa nisikilize. Alfajiri umeme haukuwepo, nikapiga mswaki gizani. Mdomo ukajaa uchungu, kama nimelamba jiko la mkaa. Kumulika kwa simu, povu jeusi tii! Yaani masizi ya plaiwudi aliyokukatia fundi wa leza, kwa ule mwale wake unaounguza mbao, umeyasugua kwa mswaki wangu, kisha ukaurudisha kikombeni, ukalala fofofo? Nimesukutua mpaka fizi zinawasha, na bado nikimeza mate naonja saa. Kinyaa kitupu!

Nilipokuamsha ukasema brashi ni ghali, tunabana matumizi. Ukageukia ukutani. Haya.

~~Saa zenyewe mbaya.~~ Ile yenye ndege ni nzuri, lakini leo sitaki kuiona.

Choo nimekisugua. Brashi yake ilikatika, nami nikabana matumizi. Mswaki wako nimeurudisha kikombeni. ~~Usiutumie.~~

Mama Watoto