Barabara Hazijaharibika

Nyumbani, chumba cha kushonea,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Hujambo huko uliko? Kifua je, bado kinakubana na vumbi la kazini, au siku hizi unapumua vizuri? Unakula? Na usinijibu "nakula" kama unavyonijibu kwenye simu. Nataka kujua unakula nini, na nani anakupikia. Mimi sijambo. Shemeji yako naye hajambo, ila mgongo wake ndio uleule, ukimtuma dukani unauma, ukimwita mezani umepona. Wapwa zako wazima, wanarefuka, kila nguo ninayowashonea inawaruka kabla sijamaliza pindo.

Baba sijamtaja makusudi. Nakuja kwake.

Barua hii nampa yule dereva wa lori anayeleta saruji huko kwenu. Utajiuliza mbona nahangaika na kalamu ilhali simu ipo. Baba ameniapisha nisikupigie. Aliniapisha nikiwa nimemshikia bakuli la uji, nikaapa ili anywe. Basi sijapiga. Kuandika hakukutaja, na mimi sikumkumbusha.

Sasa nisikilize. Ile siku alipokupigia akakwambia mvua imeharibu barabara zote za milimani, kwamba mwaka huu hakuna pa kuendesha baiskeli na usijisumbue kuomba likizo, alikudanganya. Barabara ziko vilevile, kavu, safi. Aliyeharibika ni yeye. Baba alianguka, mdogo wangu. Alivunjika nyonga. Wamempasua, wamemtia chuma, na mshono umefunga vizuri. Ila hataki kuinuka kitandani. Muuguzi ameniambia waziwazi, bila kunizungusha, kwamba mzee wa umri ule asipoinuka sasa hatainuka tena. Mapafu yatajaa, ngozi itachubuka, na ndiyo basi. Nilitaka ulijue hili kwanza. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ile baiskeli ya gia uliyomtumia aliipenda kupita kiasi. Aliiita Bi Harusi. Ikalala sebuleni, sisi tukawa tunapita upandeupande kama wageni, na kila asubuhi anaifuta kwa fulana yake nzuri huku yeye kavaa ile iliyotoboka. Nikimwambia, "Baba, hiyo fulana ni ya kutokea," ananijibu, "Na huyu pia ni wa kutokea." Majirani wakija wanaanza kusalimia baiskeli, ndipo wanamsalimia yeye.

Usidhani aliipanda kichwakichwa. Alijifunza uani kwanza, kisha barabara ya sokoni, mpaka zile breki za mkono akazizoea na gia akawa anabadilisha bila kuangalia. Hapo ndipo akasema twende milimani, tuzunguke njia yake yote ya barua, ile aliyoipiga kwa baiskeli mpaka alipostaafu posta. Alitaka kuipima ajue ni wapi atakupitisha ukija na likizo yako. Safari ile alikuwa anakuandalia wewe.

Yeye akapanda Bi Harusi, mimi nikapanda ile nyeusi yake ya kazi, ile tuliyojifunzia sote tangu miguu haijafika kwenye pedali. Unaikumbuka haina breki za mkono. Ukitaka kusimama unarudisha pedali nyuma.

Haki ya Mungu, siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Huko juu hakuna gari. Unasikia mnyororo wako mwenyewe na maji yanayoteremka mtaroni. Kwenye vilima mimi nashuka nasukuma, jasho linanitoka hadi kwenye kope, na baba yuko mbele amekaa kitako kwenye gia ndogo, anakanyaga taratibu kama anayeshona. Anageuka kunicheka: "Mama, nikutupie kamba?" Watu walikuwa wanatoka majumbani kumwangalia. Bibi mmoja alimshika usukani akamwuliza barua yake iko wapi, kaisubiri tangu enzi zile. Baba akamwambia iko njiani, ilipata pancha. Walicheka hadi bibi akakaa chini. Tulilala kwa mwalimu mmoja mstaafu, rafiki yake, na baba alizungumza kuliko alivyozungumza tangu mama atutoke. Nilijua nimempata tena baba yetu.

Kesho yake tukaanza kuteremka. Ni mteremko mrefu, umejipinda, una ua wa miti upande mmoja na mtaro wa mawe upande wa pili. Yeye mbele, mimi nyuma yake. Alikuwa anashuka vizuri tu, vidole kwenye breki, anabana anaachia, anabana anaachia, kama alivyojifunza. Tulipoikunja kona, ndama akachomoza kwenye ua na kusimama katikati ya barabara.

Niliona miguu yake. Vidole viliachia breki, mikono ikaushika usukani kwa nguvu zote, na miguu ikarudi nyuma. Ikarudi kama ilivyorudi maisha yake yote. Pedali zikazunguka bure, hazikushika kitu. Akarudisha tena. Akarudisha tena. Mimi huku nyuma nimerudisha pedali zangu na baiskeli imesimama papo hapo, namwangalia baba yangu anafanya vilevile nilivyofanya mimi na hasimami. Alimkwepa ndama akaingia mtaroni.

Ndama hakupata hata mkwaruzo. Aliendelea kutafuna.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Nimekaa kwenye mawe yale nimempakata kichwa, nasubiri watu waje na machela, nikakulaani wewe na gia zako. Nikasema, mbona watoto wa wenzetu wanawatumia wazazi wao blanketi? Hasira hiyo imeisha, na naomba usije ukaiokota ukaanza kuibeba. Si kosa lako. Ungekuwa wewe juu ya baiskeli ile ungeanguka vilevile, na mimi pia, maana miguu yetu sote ilifundishwa na chuma kimoja. Ukishtuka hukumbuki mkono.

Lakini hicho ndicho anachokiogopa, kwamba utajua ilikuwa baiskeli yako. Ndiyo maana ya ule uongo wa mvua. Aliniambia, "Mtoto akisikia hili hatalala." Amekuzuia usije usimwone, na sasa analala pale kama mtu aliyekwisha kuaga.

Kila asubuhi anakuja dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mpole, hana haraka. Baba anamkaribisha vizuri, anamwulizia watoto, na akishikwa mkono ili ainuke anasema, "Kesho, mwanangu." Kesho ikifika, ni kesho. Yale magongo ya kutembelea aliyopewa ameyatundikia kofia. Shemeji yako alijaribu kumwinua kwa utani, akamwambia, "Mzee, amka tucheze dansi." Mguu ulipogusa sakafu baba alitetemeka mwili mzima, akalia. Kiroboto, baba alilia mbele ya mkwewe. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Akisinzia mchana huwa namwangalia. Ule mguu mzima unasukuma chini ya shuka, unasukuma kwa nyuma. Sijamwambia mtu hilo, wewe ndiye wa kwanza.

Nimeshambembeleza, nimeshamgombeza, nimeshanuna. Mimi amenizoea, ananiona kila siku na sindano yangu mdomoni. Wewe ndiye anayekusikia. Wewe ukimwambia neno la kijinga anacheka, mimi nikimwambia lilelile ananiambia nipunguze kelele. Kwa hiyo, likizo hiyo usiirudishe. Kama umesharudisha, nenda kwa msimamizi wako ukaidai, na akikataa mwombe, na akikataa tena lia, maana kulia unajua, nimekulea mimi. Usisubiri mwakani. Mwakani ni mbali sana kwa mtu anayelala chali.

Shangazi anakusalimu, anauliza umeoa au bado unatafuta mwenye sura kama yake. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija ulete dawa ya mgongo. Wapwa zako wanakusalimu na wanagombania nani atakaa karibu nawe. Mungu akulinde na vumbi hilo, akufungulie njia, akufikishe salama kwetu.

Nabaki dada yako nikupendaye, hata nikiwa nimenuna.

Nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa nimeshailamba gundi, baba akaniita. Kumbe cherehani ikinyamaza muda mrefu hivi, yeye anajua. Nilipoingia akasema, "Unamwandikia." Hakuuliza, alisema. Nikasema ndiyo, nikasimama mlangoni kungoja kugombezwa.

Akasema nisikwambie kuwa ni ile baiskeli. Nikamjibu nimeshakwambia, na kwamba nimekwambia pia si kosa lako. Akafumba macho. Nilidhani amekasirika, nikageuka nitoke.

"Basi mwambie aje," akasema. "Mwambie mimi naogopa kusimama."