Aya ya Tisa ya Mama Selina

Madam Esta,

Leo ni Jumamosi, saa tano kasorobo asubuhi. Darasa limekwisha na vijana wameteremka. Nimebaki ofisini peke yangu, kwenye kiti changu. Chako bado kiko pale dirishani na kile kimto cha maua. Wakili wetu alitaka kipelekwe chumba cha wateja, nikamwomba akiache. Hakuniuliza sababu.

Ni miezi saba sasa. Siku uliyotutoka niliandika mstari mmoja tu katika shajara yangu: "Jumapili. Madam Esta hayuko tena." Mimi ambaye huandika hata mvua imeanza saa ngapi, siku hiyo sikupata mstari wa pili. Nimeuacha ukurasa ule wazi mpaka leo.

Nikupe habari za hapa kwanza. Mama wa mahindi amehamishwa, sasa anachomea ng'ambo ya barabara, na akiniona huniita kwa sauti, "Karani! Leo hakuna hadithi?" Unakumbuka ulivyonituma kwake wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa nimetoka Gilgil na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha, nikadhani kuandika kwa mahakama ni kuandika maneno marefu. Ulisoma aya yangu kuhusu ng'ombe aliyeibwa, ukanirudishia. "Shuka chini ukamsomee mama wa mahindi. Kwa Kiswahili. Akikuuliza swali, hujaandika kitu." Nikamsomea nikiwa nimesimama kwenye moshi. Akageuza hindi, akaniuliza, "Sasa huyo ng'ombe ni wa nani?" Nilipanda ngazi zile mara nne siku hiyo. Mara ya tano hakuuliza kitu. Alisema tu, "Hao watu ni wabaya," akanipa hindi. Nawe ukasema, "Basi hata jaji ataelewa."

Tuna wanafunzi wawili wa uwakili mwaka huu, Faith na Kelvin. Wana digrii na mimi sina, kama ilivyokuwa kwako na wale wa zamani waliokuja wakikuita "mathe wa ofisi" na kuondoka wakikuita Mwalimu. Wanapata hukumu za zamani kwenye simu haraka kuliko mimi kufungua faili. Wakiniletea moja, ninawauliza swali lako: "Iko hai?" Mara ya kwanza walicheka. Kelvin akasema, "Boss, hukumu pia inakufa?" Nikamwambia akatafute kama ilikatiwa rufaa. Alirudi baada ya nusu saa. Ilikuwa imekufa kitambo, imetenguliwa kwenye rufaa, na yeye alikuwa ameiweka juu kabisa ya orodha yake. Nilikumbuka siku nilipokuletea mimi maiti yangu, nimeipigia mstari kwa wino mwekundu, nawe ukaniuliza kama nimeshachimba na kaburi.

Nilicheka, Madam, halafu nikatoka nje kwa sababu wewe hukuwa hapo kusikia.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya niandike. Limenikaa kifuani miezi saba.

Unamkumbuka Mama Selina wa Rongai, yule mjane wa kesi ya shamba. Wewe ndiwe uliyempokea siku ya kwanza ukanikabidhi, ukasema, "Huyu ni wako. Andika maneno yake kama anavyoyasema." Niliandika. Ninalo lile daftari hapa. Alinieleza kwamba marehemu mume wake alikuwa mwanachama wa kampuni ya kununua mashamba. Siku ya baloti, ya kugawana ploti kwa kura, akaokota namba hamsini na mbili, ploti ya mawe kule juu. Rafiki yake, Baba Daudi, akaokota kumi na saba, karibu na barabara, udongo mzuri. Lakini yule rafiki alikuwa mtu wa mbuzi na alitaka mlima. Wakabadilishana mbele ya majirani, kila mmoja akaenda kujenga, na hakuna aliyekumbuka kuandikisha kwenye vitabu vya kampuni. Sasa wanaume wote wawili wamelala, na mtoto wa yule rafiki amekuja na orodha ya baloti anadai kumi na saba ni ya baba yake. Kesi yote ya Mama Selina ilikuwa neno moja: walibadilishana.

Wewe ukalazwa Jumatatu. Alhamisi Mama Selina akaja kuapa. Mimi nilikuwa nimetayarisha hati yake ya kiapo kutoka kwenye faili la zamani, la yule mzee wa Njoro aliyeshinda kesi yake. Ulinionya juu ya jambo hili mara ngapi? "Hilo ni koti la mtu mwingine, Josphat. Ukimvalisha mteja, angalia mifukoni." Nilibadilisha majina. Nilibadilisha namba za ploti. Aya ya tisa ilisema mume wa mwapaji aliipata ploti hiyo katika baloti ya kampuni, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wa Njoro. Nikaweka kumi na saba mahali pa namba yake, nikapita. Na hadithi ya kubadilishana, ambayo ndiyo kesi yenyewe, ikabaki ndani ya daftari langu.

Hati ilikuwa ya Kiingereza, na Mama Selina Kiingereza hakijui. Sheria yako ilikuwa moja, na hukuwahi kuilegeza hata siku umeme ulipopotea: msomee mwenyewe, kwa lugha yake, aya kwa aya, na akikunja uso usimame hapo hapo. Siku ile nilisahau. Nilikuwa na haraka ya kuja kukuona kabla saa za wageni hazijaisha. Nilimwonyesha mahali pa kutia sahihi, tukaenda kwa kamishna wa viapo, akatia. Chini kabisa, kama kawaida, iliandikwa kwamba amesomewa na ameelewa.

Jioni hiyo nilikukuta umeegemea mito miwili. Sauti yako ilikuwa imepungua, lakini uliuliza kazi kabla ya kuniuliza hata kama nimekula. "Mama Selina ameapa?" Nikasema ameapa. "Ulimsomea?" Nikasema, "Nimemsomea, Madam. Yote." Ukafumba macho, ukatabasamu, ukasema, "Basi sasa hata nisiporudi, najua kuna mtu."

Jumapili hukurudi.

Kwenye mazishi yako kule Molo walinipa kipaza sauti nizungumze kwa niaba ya ofisi. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima. Nilisoma jina lako, nikashindwa. Watu walidhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi. Lakini pia nilikuwa nalisikia lile neno lako, "kuna mtu," na mtu huyo alikuwa mimi.

Mahakamani tulifika mwezi wa nne baada ya wewe kwenda. Mama Selina alikuja na watu wa kanisa lake, wakajaza benchi mbili. Wakili wa upande wa pili alikuwa mpole sana, ule upole unaoujua. Akamwambia kupitia mkalimani, "Mama, uliapa hapa kwamba mume wako aliokota namba kumi na saba kwenye baloti. Ni kweli ama si kweli?" Mama Selina akamtazama kama aliyeulizwa kama jua ni la kijani. "Hapana. Yeye aliokota ya mawe. Kumi na saba ilikuwa ya Baba Daudi."

"Kwa hivyo uliapa uongo?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hapa chini inasema ulisomewa ukaelewa. Nani alikusomea?"

Aligeuka, akanitafuta kwa macho nyuma ya Wakili, akaniona. Hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, halafu akamrudia yule bwana, akasema, "Sikumbuki." Mwanamke wa miaka sabini, mbele ya kanisa lake, akakubali kuonekana mwongo na msahaulifu kuliko kumtaja kijana aliyemwonea. Mtu fulani nyuma akacheka chini chini. Jaji akaandika. Mimi niliisikia kalamu yake ikienda.

Tulipotoka nilimwambia Wakili yote. Kwamba kosa ni langu, kwamba sikumsomea, kwamba daftari lina maneno yake na tarehe, wiki tatu kabla ya hati kutayarishwa. Wakili hakupaza sauti. Alisema, "Unajua ukitoa hilo daftari, wewe ndiwe utakayesimama pale." Nikasema najua. Akaniambia, "Andika kiapo chako mwenyewe. Mimi sitakigusa."

Madam, nimewaandikia watu viapo vingi, changu mimi sikuwahi. Kiliniuma siku mbili. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno "kutokana na hali iliyokuwepo" na "bila kukusudia". Nikashuka hadi ng'ambo ya barabara nikamsomea mama wa mahindi. Akaniuliza, "Sasa nani alikosa?" Nikapanda tena. Ya pili ilianza hivi: "Mimi ndimi niliyeandika aya ya tisa. Mama Selina hakuniambia maneno hayo, wala sikumsomea." Nilimsomea hiyo, akaacha kupepea makaa. Hakuuliza kitu. Hindi pia hakunipa.

Niliulizwa maswali kizimbani kwa karibu saa nzima. Yule wakili mpole aliniuliza nimesomea wapi sheria, nikasema kwako. Akauliza wewe ulisomea wapi, watu wakacheka. Nilijibu kwamba ulifanya kazi hii miaka thelathini na kwamba ningefuata sheria yako moja tu, tusingekuwa hapo. Jaji aliinua macho. Alilipokea daftari kama kielelezo, akaruhusu Mama Selina aape upya na majirani wawili waitwe. Safari hii nilimsomea. Ilichukua asubuhi nzima. Alinisimamisha mara sita.

Hukumu ilisomwa Jumanne iliyopita. Kumi na saba ni yake. Jaji aliandika kwamba ameamini majirani, na kwamba maneno ya daftari yalikuwa "sauti ya mtu anayesema anachokijua." Halafu, aya moja chini, akaandika kwamba kiapo cha kwanza kilikuwa aibu kwa ofisi iliyokitayarisha. Nimeinakili katika shajara. Zote mbili.

Nilidhani Mama Selina atanishika mkono. Kwenye ngazi za mahakama alisimama, akasema, "Kijana, shamba limerudi. Lakini kanisani bado wananitazama vile walivyonitazama siku ile." Akaenda zake na wale majirani. Ana haki. Hukumu hairudishi kila kitu.

Leo darasani niliwapa Faith na Kelvin karatasi mbili, hati ya mzee wa Njoro na ile ya kwanza ya Mama Selina, nikawaambia watafute mifukoni. Faith aliifikia aya ya tisa kwa dakika kumi. Akasema, "Ni nani huyu aliandika hii kitu?" Nikamwambia. Kelvin alikuwa karibu kufanya mzaha, akauacha. Kisha wakashuka wote wawili na rasimu zao, nikawaona dirishani wakivuka barabara kuelekea kwenye moshi.

Ndiyo hiyo barua yangu. Lakini nimeisoma kwa sauti hapa ofisini kabla ya kuikunja, kama ulivyonifundisha, na nimefika mahali nikakunja uso. Nimeandika kwamba siku ile nilisahau. Sikusahau. Nimeandika kwamba nilikuwa na haraka ya kuja kukuona. Nimetazama shajara ya Alhamisi hiyo: kwa kamishna tulimaliza saa nane na dakika ishirini, na saa za wageni zilianza saa kumi. Nilikuwa na muda wa kumsomea. Mama Selina alikuwa ameketi mbele yangu, na nilikumbuka. Wewe hukuwepo, nikajiona nimeshafika mahali ambapo kazi yangu haihitaji kusomwa. Hilo ndilo lililotokea. Halafu nikaja nikakudanganya ukiwa kitandani, kwa sababu nilitaka uniite mtu.

Nisamehe, Madam. Sijui kama inawezekana huko uliko, lakini naomba.

Kesho baada ya ibada nitapanda Molo. Nitakaa karibu nawe nikusomee hii yote, aya kwa aya, bila kuruka ile ya Alhamisi wala hii ya kuisahihisha. Na ninakuahidi hili: karatasi haitatoka mikononi mwangu kabla mwenye nayo hajaisikia kwa lugha yake, na nikiulizwa kama nimemsomea, nitasema ukweli hata kama anayeuliza ni mgonjwa anayengoja kufurahi.

Lala salama, Mwalimu. Kiti chako hatutakiondoa dirishani.

Nimejisomea barua hii mwenyewe, nimeielewa, ndipo nikatia sahihi.

Josphat