Sinema ya Gordon Haitatoka

Nyalenda,
Kisumu.
6 Julai 2025

Mpendwa kaka Calvince,

Sote hapa nyumbani tunakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje, na joto la huko Doha linakuacha ulale? Mama alishikwa na malaria mwezi jana, lakini sasa anakula na kugombana na kila mtu, kwa hivyo amepona.

Umeniuliza mara tatu sinema ya Gordon itatoka lini. Najua umeshajigamba kazini kwamba mdogo wetu ni shujaa anayeruka angani. Waambie wenzako ulikosea. Haitatoka.

Mimi nilikuwepo walipoirekodi Kisian, na upuuzi kama ule sijawahi kuuona. Joho la shujaa lilikuwa shuka la Mama. Adui wake alivaa sufuria kichwani. Gordon alifungwa kamba kiunoni, akaning'inizwa kwenye winchi ya gereji, akazunguka kama mbuzi buchani. Mathews, yule tajiri wa Milimani aliyeitengeneza, alitazama saa zaidi kuliko kamera. Kila kosa likitokea, yeye ni, "Sawa, twende mbele!" Siku kumi na moja, ikaisha.

Baadaye tukajua sababu. Shujaa huyo alibuniwa na mzee Odongo, mchoraji wa katuni wa Kisian. Alimruhusu Mathews amtumie kwa sharti kwamba sinema ionyeshwe hadharani kabla ya Juni kuisha, la sivyo shujaa arudi kwa mwenyewe. Mathews anawaza sinema kubwa ya waigizaji wa Nairobi. Hii yetu ilikuwa ya kushikilia nafasi tu, kama mtu anavyoacha kofia kwenye kiti. Kuionyesha aliona haya, na kwa hilo peke yake simlaumu.

Ijumaa ya mwisho ya Juni alituletea karatasi ya kumwonyesha mzee Odongo. Gordon atie sahihi kwamba aliiona ikionyeshwa mbele ya watu, naye atapewa nafasi katika hiyo kubwa. Unajua vile Gordon anavyoitamani kazi hiyo. Tangu Machi ameacha kuchomelea mageti, anashinda mbele ya kioo.

Aliisoma mara mbili.

"Watu walicheka wapi?" akauliza.

"Kucheka?"

"Nilivyozunguka kwenye ile kamba, lazima wangecheka. Niambie ni ukumbi gani, nitie sahihi."

"Omera, wacha utoto," Mathews akasema. "Takataka kama ile nani angeitazama?"

"Mimi na Mama. Ulituahidi."

Akamrudishia kalamu. Mathews aliondoka bila kumaliza chai, nami nikaimwaga nje akiona.

Jumatatu Gordon alienda kwa mzee Odongo akamweleza yote. Mwezi uliisha usiku huo, na shujaa sasa ni wa mzee tena. Mathews na abaki na sinema yake kabatini, waozee pamoja.

Gordon amerudi kwenye mageti. Usimpigie simu kumcheka. Unajua nimemdharau tangu utotoni, lakini juzi nilimkaangia ngege mzima, peke yake. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia samaki walikuwa wengi sokoni.

Nisalimie wifi Nakhumicha na mtoto. Shangazi Ajwang anakuombea kila Jumapili, kwa sauti kubwa. Nyasaye akuweke salama huko ugenini.

Wako akupendaye,
dada yako Akinyi