Siigizi Kuhema

Matema, Jumanne

Kaka Yotamu,

Ugonile? Huku mvua imezidi na vyungu havikauki, ila mama anakula vizuri. Ndaga kwa kitenge ulichomtumia.

Ameniambia ulichosema kwenye simu, kwamba najifanya mgonjwa ili nisibebe udongo. Kaka, mwaka wa pili huu naishiwa pumzi hata nikifagia! Picha ya kifua haionyeshi kitu, moyo mzima, na daktari hakuinua hata kichwa aliponiambia, "Ni mawazo tu, mama. Nenda ukapumzike."

Sikwenda. Nilikaa kwenye benchi mpaka nesi Mwasiti akanipandisha kilima cha nyuma ya kituo cha afya, kisha akahesabu pumzi zangu kwa saa yake.

"Thelathini na sita kwa dakika," akamwambia daktari. "Haya si mawazo. Mwandikie rufaa."

Akaiandika. Ugonjwa wenyewe bado hatuujui jina, lakini angalau mtu mmoja ameniamini.

Jumatatu nitashuka stendi ya Mbeya. Usitume mtu kunipokea. Njoo wewe mwenyewe, tutembee mpaka hospitali kwa mwendo wangu, unisikilize ninavyohema.

Ni mimi mdogo wako, niliyechoka kubishana,
Asegelile