Kanda ya Kijapani Uliyotutafsiria

Hamisi, mume wangu,

Watakaoisoma hii gazetini wasinicheke. Hamisi ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea tangu hajaota meno, na kwetu bibi akimwita mjukuu wake mume hakuna anayeshangaa. Barua naiweka wazi kwa sababu anwani yako sina. Uliondoka na begi mgongoni, ukasema Msumbiji kwanza halafu Sauzi, na tangu msimu ule wa korosho za bei nzuri, wanunuzi binafsi walipoanza kutufuata na malori mpaka mlangoni, sijapata kwako hata salamu ya mdomo. Kalamu naishika mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilikaa mstari wa mbele, sihitaji mtu wa kuniandikia matusi yangu.

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujaitoa, maana nikikungoja nitakufa sijaiitikia.

Unakikumbuka kibanda cha video cha Mzee Bakari hapa Kiranjeranje? Utakisahauje, ndicho kilichokuharibu. Zilikuwa siku za ruksa, biashara imeachiwa huru, vitu vimeingia kwa pamoja kama vimefunguliwa zizini: mitumba, sabuni za kunukia, redio kaseti, na hiyo deki aliyoitoa Unguja pamoja na jenereta linalokohoa kuliko mimi. Makuti juu, makuti ubavuni, na magunia yametundikwa madirishani ili aliye nje asichungulie bure. Vijana wenzako walipenda kanda za ngumi. Wewe ukaing'ang'ania ile ya katuni za Kijapani, kanda moja yenye hadithi fupi fupi, hii ikiisha giza, yanakuja maandishi yaliyosimama wima, kisha inaanza nyingine. Nadhani kila moja ilichorwa na mtu wake, maana katika hii watu wana macho kama ya komba, katika ile macho hawana kabisa.

Na wewe ukasimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, unatutafsiria! Nakuona mpaka leo, shati limefungwa fundo tumboni, kichwa umekiinua kama umezaliwa huko Japani. Mimi sikukuachia. Nikakuuliza mbele za watu, "Kijapani umekijulia wapi wewe, Kimachinga chetu cha nyumbani chenyewe kinakushinda?"

Ukanijibu, "Mke wangu, kaa chini, unawaziba wateja."

Banda zima likacheka. Mzee Bakari akadakia kule kwenye deki, "Hamisi, mkeo mkali huyo, mwongezee mwingine." Na kweli ulikuwa umeshamposa Zuhura, yuko pale kwenye mkeka na dada zake, kanga ameivuta mpaka puani. Ukamwelekezea fimbo ukasema, "Wa pili huyo hapo." Binti wa watu akajificha nyuma ya dada yake. Mimi nikamwambia, "Karibu, mke mwenzangu, lakini kuni za nyumba ile utakata wewe." Tangu siku ile tukaitana hivyo.

Yule chura aliyevaa joho, anainama, anainuka, anainama, ukasema ni karani wa mizani anatuibia korosho. Watu wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Ule ubaridi wao mweupe unaodondoka toka mbinguni ukasema ni misufi yote ya Japani imepasuka siku moja. Mimi niliamini. Mwalimu wa kisomo ndiye aliyekuja kunambia baadaye kwamba inaitwa theluji na ukiishika inakuwa maji.

Lakini hadithi yako kubwa ilikuwa ya mwisho, ya yule mwanamke wa mlimani. Mumewe anaondoka, amefunga kitambaa kichwani, amebeba mzigo. Mwanamke anabaki. Kila siku anaweka bakuli lake na bakuli la mumewe, anakula lake, la pili linapoa, anamwaga. Theluji inapanda mpaka dirishani. Kisha unaonekana mlima mzima mweupe, na kitu cheusi kidogo kama punje ya pilipili manga, kinatembea. Hapo ulikuwa unashusha sauti. "Mnamwona? Huyo, huyo, huyo! Mume anarudi!" Wanawake walipiga vigelegele kama wako harusini, na mimi nimo, sikatai. Kila ulipoionyesha tulipiga.

Subiri nifukuze kuku kwenye makopa, mihogo niliyoianika.

Nimerudi. Wala sikai, Hamisi. Siku hizi nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilichoinukia. Jana nimefagia uwanja, nikaufagia tena, jirani akaniuliza, "Bibi, unatafuta sindano?" Wewe ndiye uliyeniweka hivi, na ni haki yangu kukwambia.

Ulimuoa Zuhura, ukamleta kwangu, mtoto hamjajaaliwa, ukaondoka. Sawa, vijana wote wanaondoka. Wengine wanauza soksi barabarani Dar, wengine wamezama huko huko ulikozama wewe, lakini wao wanaagiza. Huyu ameleta kilemba, yule ameleta neno tu, "mwambieni mama nipo." Wewe hata "nipo" imekushinda? Neno lenyewe fupi, mdomo haukupasuki!

Kaka zake Zuhura wakaja. Wakakaa vizuri, wakanywa uji wangu, kisha mkubwa wao akasema, "Bibi, tunamtaka dada yetu aende kwa shehe, ndoa ivunjwe. Mume hayupo, matumizi hakuna, habari hakuna. Umri wake wa kuzaa unapita." Nikawaambia mke mwenzangu haendi popote, uji mmemaliza, njia ile pale. Wakamwendea shehe wenyewe. Shehe akawajibu kwamba havunji ndoa ya mtu kwa maneno ya upande mmoja, anataka aliyemlea mume aje aseme kwa kinywa chake kuwa habari za kijana hakuna. Aliyekulea ni nani? Basi likaja kukaa shingoni kwangu. Sikwenda. Wakarudi, nikawa shambani. Wakarudi tena, nikawaambia nina homa. Mimi nilikuwa nakungoja wewe, na nilimtaka Zuhura angoje na mimi, ndivyo ilivyokuwa.

Na Zuhura mwenyewe hakuniuliza habari hiyo hata mara moja. Alikata kuni, alipalilia ufuta, jioni tukakaa tunamenya mihogo. Mara nyingine ananitania, "Mke mkubwa, mume wetu ana mwingine huko, mwenye viatu virefu." Mimi namwambia, "Akija naye tutampa jembe." Tunacheka. Kisha kicheko kinaisha mapema.

Idi hii iliyopita Mzee Bakari akatangaza anaiuza deki, magoti yamemchosha, kwa hiyo anawaonyesha watoto kanda za zamani kwa mara ya mwisho. Zuhura akasema, "Twende, Bibi. Ile ya Hamisi ipo." Mchana wa Idi, jua kali, tukaenda. Watoto na nguo zao mpya wamejaa, wananukia halua. Kanda ikaanza, picha ina mistari kama imekunwa na paka. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Tafsiri!" Mzee Bakari akamjibu, "Mtafsiri yuko Sauzi. Angalia kwa macho yako."

Tukaangalia kwa macho yetu.

Hamisi, yule chura hakuwa karani. Mbele yake palikuwa na kaburi dogo, na ndani ya joho ameshika kiatu cha mtoto. Alikuwa anainama anazika. Na sisi tulimcheka mpaka tukashika mbavu! Fimbo yako ilikuwa imesimama pale pale penye kaburi, tungelionaje? Nikaanza kuona joto. Nikataka kutoka, Zuhura akanishika kanga.

Ikaja ile ya mlimani. Mume akaondoka. Mabakuli mawili. Theluji. Safari hii bila sauti yako nikaona mambo mengine: mwanamke anakunja godoro, anazima moto kwa maji, anafunga kitambaa kichwani kama alivyofunga mumewe. Kisha mlima mweupe na ile punje nyeusi. Mimi ni mtu wa shamba. Nguruwe akiingia kwenye mihogo yangu, asubuhi nakwambia ameingilia wapi na ametokea wapi. Nikazitazama zile nyayo kwenye theluji. Zimeanzia mlangoni. Vidole vinatazama mbali na nyumba.

Zuhura akaninong'oneza, "Hakuna anayerudi, Bibi. Ni mwenyewe anaondoka."

"Nimeona. Mimi si kipofu."

"Mimi niliona tangu siku ile ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa mchumba wake. Nimuumbue mbele ya watu? Na nyie mlivyokuwa mnapiga vigelegele, nani angenisikia?"

 Nilimtazama. Uso wake umekonda, Hamisi. Nimelala naye nyumba moja miaka yote hiyo, naona kuni zimeletwa, naona maji yamejaa, yeye mwenyewe sikumtazama vile. Watoto wakapiga makofi kanda ilipoisha, wanadhani imekwisha vizuri.

 Tulipofika nyumbani Zuhura akaingia jikoni kupakua wali wa Idi. Nikamfuata mlangoni nikamwuliza, "Unataka kwenda?"

Akasema, "Nataka kuzaa, Bibi." Mwiko haukusimama.

Asubuhi yake nikajitanda kanga nikaenda kwa shehe, kaka zake wananifuata nyuma kama walinzi. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: mjukuu wangu Hamisi niliyemlea hana habari, hana matumizi, hana salamu, na mimi bibi yake sijui kama yu hai. Neno hilo la mwisho sikuwa nimewahi kulisema. Lilitoka kama mwiba wa samaki. Shehe akaivunja ndoa. Zuhura yuko kwao sasa, anakaa eda, na akimaliza aolewe na amtakaye. Akizaa nitakwenda kumwogesha mtoto, usije ukaniuliza kwa nini.

Kwa hiyo ukifika, usije na kelele za "mke wangu yuko wapi." Mke hana kosa. Usimfuate kwao kumfanyia fujo, nitakuchapa na uzee wangu huu. Na kama hufiki kwa sababu ya aibu, huna kitu mfukoni, umefungwa, una mguu mmoja, njoo hivyo hivyo. Na kama umekufa, wewe mtoto, ungetafuta hata mtu wa kuniletea habari hiyo.

Naandika nimesimama sasa, karatasi nimeiegemeza mlangoni, kukaa kumenishinda tena. Nyumba ina sauti mbaya Zuhura akiwa hayumo.

Zuhura alikuwa na shehe wa kumwachisha kwako. Mimi siku ile nilipotaka kutoka pale kwake nikageuka nikamwuliza shehe, na mimi je, nani ataniachisha? Akacheka, akadhani namtania. Akasema, "Bibi, wewe huna pa kwenda."

Mkeo mkubwa,
bibi yako aliyekulea,
Kiranjeranje.