Meza Mbili Siku ya Mkutano

Ashby Hollow, Vermont
Machi, wiki ya pili

Kwa kaka yangu mpendwa Everett,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za wote wanaokuulizia kila ninapoingia dukani. Natumaini goti lako jipya limeshaanza kukutii, na kwamba jua la Arizona halijakufanya utusahau sisi tunaokanyaga matope. Huku hatujambo. Theluji inayeyuka, barabara ya juu haipitiki, na utomvu wa miti ya sukari umeanza kushuka nasi tunauchemsha, hivyo hata nguo zangu za kanisani zinanuka moshi na shira.

Uliniomba nikusimulie mkutano mkuu wa mji, kwa kuwa huu ni wa kwanza kukupita tangu upate umri wa kupiga kura. Nitakusimulia, ila uniwie radhi nikianza na swali lililonikalia moyoni tangu nilipokuwa nikifundisha chuoni: mtu akisemewa kwa fedha za kampuni, je, bado tunaweza kuisikia sauti yake mwenyewe? Enzi zile nililijibu upesi. Niliandika hapana ubaoni, wanafunzi wakanakili, tukaenda zetu kula. Siku hizi sina wepesi huo.

Unafahamu kwamba kiti kimoja kati ya vitatu vya halmashauri yetu kilikuwa wazi. Kwa vile wawili waliobaki hawakubaliani, atakayekikalia ndiye atakayeamua iwapo kampuni ya maji itaruhusiwa kuyavuta maji ya chemchemi yetu na kuyatia kwenye chupa. Niligombea ili nizuie jambo hilo. Mpinzani wangu alikuwa Armand Thibault, mwenye gereji, rafiki yako wa tangu shule, na kwa kweli sikuona ubaya wa kushindana na mtu aliyeniwashia gari langu kila baridi ilipolizima.

Kwetu mgombea hupigilia ubao mmoja mbele ya nyumba yake, akaeleza nia yake dukani huku watu wakichagua misumari, ikawa basi. Mwaka huu kila sanduku la barua lilipokea karatasi nene zenye kung'aa, na juu yake picha ya Armand amemkumbatia ndama. Zilikuja wiki baada ya wiki. Chini kabisa, kwa herufi za kupimia macho, paliandikwa kwamba zimelipiwa na kampuni ya maji. Armand, kama ujuavyo, hafugi hata kuku. Watu walimbatiza jina la Baba Ndama, na kila aliyepeleka gari gerejini alimwuliza kama mtoto amepona mafua. Alicheka nao mwanzoni. Kufikia Februari alikuwa anajifanya hasikii.

Mimi nilikuwa nimekusanya saini za kuingiza hoja katika ajenda, kwamba mji wetu ulitake bunge la jimbo liwekee mipaka fedha za kampuni katika uchaguzi. Asubuhi ya mkutano, ukumbi wa shule ukiwa umejaa makoti na mvuke, nilisimama na hotuba niliyoiandika kwa uangalifu mkubwa. Nilianza na historia, nikapitia sheria, na nilipokuwa naelekea kwenye falsafa niliona bwana mmoja akisoma maandishi ya nyuma ya kifurushi cha mbegu. Hester Pratt, ambaye bado anatawala jiko la mkutano kama alivyolitawala tulipokuwa wadogo, alikuwa safu ya mbele akifuma soksi. Hakuinua macho.

“Corinne, mwanangu,” alisema, “usemayo ni kweli kabisa, lakini maharage yanapoa.”

Orrin Sprague, mwenyekiti wetu, aligonga meza. Saa sita ilikuwa imefika, na unajua kwamba Orrin huahirisha mkutano saa sita hata kama sentensi yako haijapata kitenzi.

Hapo ndipo kampuni ilipofanya kosa lake. Wewe na mimi tumekua tukijua kwamba chakula cha mchana cha siku hiyo kinapikwa na kinamama wa mji, kwamba kila ukoo una sufuria yake na pai yake, na kwamba kila alaye hutia chochote ndani ya kopo la kahawa kwa ajili ya wazimamoto wa kujitolea. Kampuni haikulijua hilo, au ililijua ikadhani ni umaskini. Kwa nia ambayo mimi, baada ya kutafakari, naamini ilikuwa njema kwa kiasi fulani, ilileta wapishi kutoka Burlington na nyama ya kuchoma, vitambaa vyeupe mezani, na bango dogo la kuwakaribisha wananchi wote wale bure. Hakuna aliyemwarifu Hester. Alitoka ukumbini akakuta meza yake imesogezwa hadi mlangoni pa vyoo, na sufuria zake zimepangwa sakafuni.

Mwakilishi wa kampuni, kijana mpole mwenye viatu vya mjini vilivyokwisha haribiwa na matope yetu, alimfuata Hester na kumweleza kwamba leo apumzike, gharama zote zimebebwa. Hester alimtazama kwa huruma, akapakua sahani ya maharage, akampa.

“Kula, kijana,” alimwambia. “Kisha utie kitu kwenye kopo. Hapa hatuli bure. Anayekula bure hana haki ya kusema chumvi imezidi.”

Kijana alikula, akalipa, na akasema kwa sauti ndogo kwamba chumvi ilikuwa sawa. Watu wakacheka, na foleni ya maharage ikaanza kujipanga yenyewe, ikapita mbele ya vyoo, ikatoka nje hadi kwenye matope. Nyama ya kuchoma ilikuwa inanukia vizuri mno, sitakudanganya; niliona zaidi ya mmoja wakigeuza shingo. Lakini hakuna aliyethubutu kutoka kwenye mstari mbele ya Hester. Mwishowe wapishi wenyewe walivua aproni zao wakaja kununua pai, na Hester, ambaye si mtu wa kinyongo, akawauliza walivyoilainisha ile nyama.

Tuliporudi ndani Orrin aliirudisha hoja yangu. Nilijiandaa kuendelea na falsafa. Watu walinisihi nikae. Aliuliza wanaoafiki, na sauti iliyojibu ilitikisa vioo. Aliuliza wanaopinga, akasikika mtu mmoja nyuma, ambaye alieleza haraka kwamba amekohoa tu. Hoja ikapita. Nilifurahi, kaka, nilifurahi sana, ingawa wasiwasi wangu wa kawaida haukukawia: je, waliafiki hoja zangu, au walikuwa wanailipizia kisasi sufuria iliyowekwa sakafuni? Baadaye nilijiambia kwamba huenda ni jambo lile lile, ila Hester alilisema kwa sentensi moja nami nikalitafutia kurasa. Bado sina hakika. Sufuria isingeguswa, sijui tungepiga kura gani.

Ikafika zamu ya uchaguzi. Mimi nilizungumza kwa ufupi, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza. Kisha Armand alisimama na kofia yake mkononi, na maneno yake nayaandika kama nilivyoyasikia.

“Mnanijua,” alisema. “Yule ndama simjui. Niliwapigia simu kampuni waache, wakaniambia hawanisaidii mimi, wanatumia haki yao ya kutoa maoni, na kisheria sina hata ruhusa ya kuwapangia. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Huu wa kampuni umejaa, jamani, na sikuulamba. Lakini ukweli ni kwamba nataka maji yauzwe. Shule hii ina viti vingi kuliko watoto, na daraja la kwangu linashikiliwa na sala. Ningesema hivi hivi hata kama wasingetoa senti.”

“Kamuulize ndama!” mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka pia. Armand naye alitabasamu. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona alivyoketi akaanza kuikunja ile kofia, akaikunja tena, mpaka ikatosha ndani ya kiganja. Alikuwa ametuambia anachokiamini, mbele ya majirani zake, na hapakuwa na mtu aliyemsadiki. Kampuni haikumnunua, kaka. Ilimwibia. Ilisema maneno yake kabla yake, kwa sauti kubwa kuliko yake, na alipofungua kinywa yakaonekana ni ya kukodiwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tulipogawiwa vikaratasi vya kura nilijifunika kwa mkono kama mtoto darasani, na nikaandika jina la Armand Thibault.

Nilishinda, na si kwa kura chache. Watu walinipongeza, Hester alinipa pai nzima, ambayo nililipia. Armand alinishika mkono akanionya nisimwonee huruma, kwamba atakuja kila kikao kunibishia kuhusu lile daraja, na nilimwambia kwamba ndivyo ninavyotaka. Hajui nilichoandika. Kwa kuwa mnazungumza kwenye simu kila Jumapili, nakuomba, kwa hisani yako, lisikutoke.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini siwezi kufurahia kitu bila kukikagua. Nimefurahi, na Jumatatu nitakaa kwenye kiti hicho nikiwa na nia ile ile ya kuyalinda maji. Lakini sijui kama nilifanya jambo la haki au la kipumbavu. Kama kura yangu ndiyo ingempa ushindi, maji yangekwenda, na kampuni ingehesabu kwamba karatasi zake za ndama zimefanya kazi, ichapishe nyingi zaidi mwakani. Na kama ningejipigia kura, ningekuwa nimeungana na kile kicheko. Nimejaribu kutafuta njia ya kuikataa fedha bila kumkataa mtu iliyemwangukia, na sijaipata, kwa sababu kikaratasi cha kura kina nafasi ya jina peke yake. Hakina mahali pa kuandika sababu.

Mpe wifi yangu Joanne salamu za upendo, na umwambie shira yake ya kwanza ya mwaka inakuja kwa posta, nimeifunga mara mbili. Itunze miguu yako, uturudie kabla matope hayajakauka. Nakuombea afya na subira.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Corinne