Hatua Arobaini Chini ya Maji

Kaka yangu,

Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo. Paa la jikoni nimeliziba.

Wanapanua mlango wa bandari. Gati la kaskazini wameliacha. La kusini, alilojenga Baba kukinga mawimbi, wanalirefusha. Juzi wazamiaji waliteremka wakakuta msingi tayari upo, hatua arobaini mbele ya pale ukuta unapoishia, na kila jiwe lina alama ya patasi ya Baba. Msimamizi akafukua faili la zamani. Humo imeandikwa kwamba wakubwa wa bandari ndio waliosimamisha kazi kabla haijaisha. Baba aligoma kuiacha, wakamfukuza na kutangaza kwamba alipima vibaya, ndiyo maana gati likawa fupi.

Nawe uliwaamini. Siku tuliyomzika wifi, baada ya mashua kupinduka pale mlangoni, ulimwita Baba muuaji mbele ya watu. Alipokufa yeye, hukuja kuzika.

Mimi nilijua kwamba Baba hakukosea. Nilimuuliza mbona hajitetei. Alikuwa ananoa patasi, hata kichwa hakuinua.

"Mwache anilaumu mimi," akasema. "Nikijitetea, atakumbuka ni nani aliyemhimiza mkewe apande mashua siku ile."

Nimenyamaza miaka tisa kwa ajili yako, kaka, na nimechoka.

Kaburi la Baba bado halijajengewa. Mawe yaliyong'olewa gatini wanayagawa bure, nami nimeomba moja lenye alama yake. Liko uani. Ni zito, peke yangu siliwezi.

Ni mimi, mdogo wako.